Siembro, lakini sembramos: historia ya shina linalogeuka

Wapendwa wenzangu wa lisansi, leo naacha udongo kidogo, nawaletea historia ya lugha. Lakini mtaona, shamba haliko mbali.

Mwaka uliopita niliomba nafasi ya staji ya kilimo katika nchi moja inayosema Kihispania. Maulizo ya mbegu na mbolea nilijibu bila shida. Kisha wakasema niandike mistari kumi juu ya kazi yangu. Niliandika «yo sembro», halafu chini kidogo «nosotros siembramos». Makosa mawili, na yote juu ya kitenzi cha kazi yangu mwenyewe: kupanda! Nafasi ilienda kwa mwengine. Iliniuma, lakini nikajiuliza: sababu gani lugha iseme siembro kwa mimi, na sembramos kwa sisi?

Hiki ndicho kitenzi sembrar, wakati wa sasa:

yo siembro – ninapanda
tú siembras – unapanda
él siembra – anapanda
nosotros sembramos – tunapanda
vosotros sembráis – mnapanda
ellos siembran – wanapanda

Hesabuni: ie iko mara nne, e ya kawaida mara mbili. Sasa someni kwa sauti. Katika siembro mkazo unaanguka juu ya shina. Katika sembramos na sembráis mkazo umehamia kwenye mwisho. Siri yote iko pale. Hata sisi mkazo wetu unahamaka: katika «lima» uko juu ya li, katika «limisha» unaenda juu ya mi. Tofauti ni kwamba kwetu irabu haigeuki. Kwao inageuka.

Ilianzia wapi? Askari wa Roma walifika Hispania mwaka 218 mbele ya Yesu, na Kilatini kikaingia pamoja nao. Kilatini kilikuwa na irabu fupi na irabu ndefu. Kadiri miaka ilivyopita, watu waliacha kusikia tofauti ya urefu. Lakini huko Kastilia, e fupi na o fupi zilipobeba mkazo, zilipasuka zikawa mbili: e ikawa ie, o ikawa ue. Terra ikawa tierra, porta ikawa puerta. Irabu ndefu hazikupasuka: flor, yaani ua, ilibaki flor. Na pasipo mkazo, hakuna kilichopasuka: mlango ni puerta, lakini mlinzi wa mlango ni portero.

Vitenzi vilifuata njia ile ile. Duermo, ninalala, lakini dormimos. Puedo, ninaweza, lakini podemos. Muelo, ninasaga, lakini molemos. Hakuna mwalimu aliyekaa akatunga sharti hili ili kusumbua wanafunzi. Antonio de Nebrija alipotoa kitabu chake cha sarufi ya Kikastilia mwaka 1492, watu walikuwa wanasema hivyo tangu zamani.

Na sisi tuliosoma kwa Kifaransa, tusishangae sana. Tangu primeri tunasema je tiens, nous tenons. Je meurs, nous mourons. Je peux, nous pouvons. Ni ndugu wa mama mmoja. Ila Kifaransa kimesawazisha vitenzi vingi: hadi karne ya 17 kulikuwa bado watu waliosema je treuve, leo ni je trouve tu. Kihispania kimeshika vingi vya zamani.

Sasa kitu kilichonichekesha. Sembrar inatoka katika Kilatini seminare, na e ile ilikuwa ndefu! Kwa sheria niliyoeleza, haikuwa na haki ya kupasuka. Kama sheria ingefuatwa peke yake, leo wangesema sembro, sawa vile niliandika. Ilitokea nini? Iliiga majirani. Segar, kukata mavuno, inatoka katika secare yenye e fupi, kwa hiyo siego ni ya haki kabisa. Vitenzi vya namna ile vilikuwa vingi, na sembrar ikavifuata. Hata regar, kumwagilia, ilipata riego kwa njia ya kuiga. Sisi wa agronomia tunajua jambo hili: unapanda mahindi meupe, jirani anapanda ya njano, upepo unaleta chavua, na siku ya kuvuna unakuta punje za njano katika shamba lako. Na kuna iliyorudi nyuma: zamani walisema entriego, ninakabidhi, leo ni entrego.

Kwa hiyo «sembro» yangu ilikuwa na babu wa kuitetea, ijapokuwa kwa mtihani babu hahesabiwi. Lakini «siembramos» haina mtetezi, juu mkazo hauko pale. Hata Argentina, ambako kwa «wewe» wanasema vos, utasikia vos sembrás bila ie, kwa sababu mkazo umekwenda mwisho.

Mwenye kujifunza asianze kwa kukariri orodha. Aseme neno kwa sauti, asikilize mkazo umekaa wapi. Ukiwa juu ya shina, shina linageuka. Ukihama, shina linarudi la kwanza. Kitu kimoja tu orodha haiepukiki: kujua ni vitenzi gani viko katika kundi hili, kwa maana majirani walichanganyika.

Mimi nimeomba nafasi tena mwaka huu. Sembrar ninaijua sasa.