Mji wa Tanga na Jasho la Mkulima

Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka 10, twaona yafaa kuikumbuka historia ya mji ambao mazao yetu huupitia. Huenda mwanachama akauliza, "Majumba ya Tanga yanihusu nini mimi wa shambani?" Yamhusu sana, kwa maana yalijengwa kwa jasho la shamba.

Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo ilianza kujengwa reli kutoka Tanga, nayo ikafika Moshi mwaka 1911. Bandari ikakua, na baina yake na Ngamiani yakasimama majumba ya ghorofa: chini duka, juu makao ya mwenye duka na jamaa zake. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya uhai wa mji, kwamba mtu alilala pale pale alipouzia.

Tangu katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ilianguka, kwa kuwa kamba za nailoni na za mfano wake ziliingia sokoni. Mwaka 1967 Serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge, na mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakafanywa mali ya umma. Nia ilikuwa kukomesha unyonyaji. Lakini wengi wa waliokuwa wenye majumba walihama, na jumba lisilo na mtunzaji huliwa na hewa ya chumvi. Ule usemi mashuhuri wa Tanga, "waja leo waondoka leo," ukawa sifa ya mitaa ile: watu huja asubuhi, jioni hwenda zao.

Sisi wana ushirika hatuna haki ya kuwacheka. Vyama vyetu vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Twajua jinsi mali ya wote inavyoharibika pasipo wa kuitazama.

Dalili njema zipo. Boma la kale la Wajerumani limetengenezwa likawa makumbusho. Bandari, ambako zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari, imeongezwa kina. Hata hivyo chokaa mpya haitoshi, wala katika makumbusho halali mtu. Mtaa huhuishwa na wakaao ndani yake.

Basi rai yetu ni hii. Vyumba vya ghorofani vipangishwe kwa mikataba mirefu, ili mpangaji apate moyo wa kutengeneza. Nasi Chama kitakapotafuta duka la machungwa ya Muheza na nazi za Pangani, kitazame kwanza jumba kuukuu la mjini, tena mtunza duka akae juu yake. Mji ulijengwa kwa jasho letu. Tusiuache ufe mbele ya macho yetu.