Kodi ya chumba na bei ya kibali: historia ya kompyuta ndani ya kompyuta

Mpenzi msikilizaji, ukitembea katika mitaa ya Soweto, hapa Johannesburg, si ajabu kukuta kiwanja kimoja chenye nyumba kubwa mbele na vyumba kadhaa vya kupangisha uani. Kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, ingawa wote huchota maji katika bomba moja. Sisi tuliofika hapa tukiwa wageni twajua pia jambo la pili: kodi ya chumba humpa mtu paa, lakini haimpi kibali cha kuishi nchini. Kibali hutafutwa mahali pengine, na kwa gharama nyingine.

Mfano huo unatufaa leo tukilitazama swali ambalo wenye maduka ya intaneti, wakuu wa vyuo vidogo na hata sisi watayarishaji wa redio tumelihangaikia kwa miaka mingi. Je, mtu atautumiaje mfumo endeshi wa kibiashara kama Windows bila kufilisika, na bila kuiba?

Njia moja ni mashine pepe. Kama vile barua pepe ni barua isiyo na karatasi wala bahasha, mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma wala waya. Ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine. Mfumo endeshi ukiwekwa humo, hudhani kuwa uko peke yake, kumbe ni mpangaji tu wa uani.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1960 kompyuta moja ilijaza ukumbi mzima, na bei yake haikumruhusu mtu mmoja kuishika peke yake. Wataalamu wa kampuni ya IBM mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wakabuni mfumo ulioitwa CP-40, ulioanza kazi mwaka 1967. Mfumo huo uliigawa kompyuta moja ili kila mtumiaji ajione ana yake. Mwaka 1972 IBM ikatangaza bidhaa ya biashara ya aina hiyo, VM/370.

Kompyuta ndogo za mezani zilipoenea, haja hiyo ilififia. Wataalamu wengi waliamini pia kuwa vichakato vya kompyuta hizo havifai kugawanywa namna hiyo. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Diane Greene, Mendel Rosenblum na wenzao, ilithibitisha kinyume chake, na mwaka 1999 ikaanza kuuza programu ya kazi hiyo. Mwaka 2007 kampuni ya Kijerumani ya Innotek ikatoa VirtualBox, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa programu huria isiyolipiwa.

Nyumba yenyewe pia ilikuwa imekwisha kupatikana bure. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom hapa Afrika Kusini, alianzisha mfumo huria wa Ubuntu, ambao kwa miaka kadhaa ulitumwa kwa posta katika santuri bila malipo yoyote.

Basi nyumba ikawa bure, na chumba bure. Kibali je?

Hapo ndipo penye utata. Windows XP Professional ilipotoka mwaka 2001, bei yake kamili madukani Marekani ilikuwa dola 299. Ilipokuja Vista mwaka 2007, masharti ya Microsoft yalikataza matoleo ya bei nafuu, yale ya nyumbani, kutumiwa ndani ya mashine pepe. Aliyetaka kufanya hivyo alipaswa kununua toleo la ghali zaidi. Katazo hilo liliondolewa Januari 2008. Aidha, leseni inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida hufungamana na kompyuta hiyo, nayo hufa pamoja nayo.

Kuna na mtego mwingine. Mashine pepe huhifadhiwa kama faili, na kuinakili mara kumi ni kazi ya dakika chache. Lakini nakala kumi za mfumo wa kulipia hudai leseni kumi. Urahisi wa kunakili umewafanya wengi wavunje sheria bila hata kujua.

Njia ya pili ilizaliwa katika nchi hii hii. Chris Pinkham, mhandisi wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Amazon, alirejea nyumbani, na kikundi alichokiongoza mjini Cape Town kikajenga huduma ya kukodisha mashine pepe kwa saa kupitia intaneti. Ilizinduliwa Agosti 2006 kwa senti 10 za dola kwa saa, kwa mifumo huria. Oktoba 2008 ikaongezwa Windows, kuanzia senti 12 na nusu. Zile senti mbili na nusu za ziada ndizo zilizokuwa bei ya kibali. Mwenye kuitumia saa nane kwa siku, siku 22 kwa mwezi, alilipa dola 22, chumba na kibali pamoja.

Hata hivyo, mashine zenyewe zilikuwa ng'ambo, na intaneti yetu ilikuwa ya kusuasua. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliziunganisha Afrika Kusini, Dar es Salaam na Mombasa na dunia. Machi 2019 Microsoft ikafungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town. Amazon ilifungua chake Cape Town Aprili 2020, zaidi ya miaka 13 baada ya huduma iliyobuniwa katika mji huo huo kuanza kuuzwa.

Kukodi nako kuna hesabu yake. Anayesahau kuzima mashine aliyoikodi huendelea kudaiwa usiku kucha, kama mpangaji aliyeacha bomba wazi.

Katika chumba chetu cha kuhariri sauti, kompyuta zote hutumia mfumo huria. Programu moja tu ya zamani ndiyo inayodai Windows. Tulinunua leseni moja, tukaiweka katika mashine pepe kwenye kompyuta moja, na mwenye kazi hiyo hungoja zamu yake.

Historia hii ya zaidi ya nusu karne imeshusha bei ya chumba hadi sufuri. Bei ya kibali bado i mikononi mwa mwenye mali. Kabla hujalipa, msikilizaji, hesabu kwanza ni kazi ngapi hasa zinazokihitaji. Huenda ukakuta ni moja tu.

Kutoka Johannesburg, kwaheri ya kuonana.