Kigezo cha Jaribio: Historia ya Lainingi za Breki na Miteremko ya Tarime na Serengeti

Insha hii inajadili namna nyenzo za msuguano zilivyojaribiwa katika miaka ya mwanzo ya gari. Hoja yake ni kwamba majaribio hayo yalipima joto na uchakavu, yakaacha kupima madhara kwa binadamu. Suala hilo linazihusu wilaya za Tarime na Serengeti, ambako barabara ya kwenda Mugumu huteremka kutoka nyanda za juu za Tarime hadi bonde la Mto Mara. Katika mteremko, mwendo wa gari hugeuka joto kati ya lainingi na dramu. Lainingi isiyohimili joto hilo hupoteza mshiko.

Jaribio la awali lilifanyika barabarani. Mwaka 1888, Bertha Benz alipokuwa safarini kutoka Mannheim kwenda Pforzheim, breki za mbao zililika, naye akamwagiza fundi viatu azipigilie ngozi. Mshiko uliongezeka, lakini ngozi haikuwa nyenzo ya kustahimili joto kali.

Mwaka 1897, Herbert Frood alianza kutengeneza lainingi za magari ya farasi katika vilima vya Derbyshire, Uingereza. Alitumia pamba iliyofumwa, akaipima kwa mtambo ulioendeshwa na gurudumu la maji. Kwa hatua hiyo, jaribio liliweza kurudiwa na matokeo kulinganishwa. Pamba ilifaa kwa mwendo wa farasi, ila iliungua katika gari la injini. Kabla ya 1910, Frood aligeukia asbesto, madini yenye nyuzi zisizoungua. Ni katika kipindi hichohicho, kati ya 1907 na 1909, Paul Graetz alipoendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Swakopmund.

Kwa vigezo vya mtambo, asbesto ilifaulu. Hata hivyo, mwaka 1924 Nellie Kershaw, aliyekuwa msokotaji wa nyuzi za asbesto huko Rochdale, alifariki kwa makovu ya mapafu. Mwaka 1930, uchunguzi wa Merewether na Price ulithibitisha kuwa ugonjwa huo umeenea miongoni mwa wafanyakazi, na kanuni za kudhibiti vumbi zikatungwa mwaka 1931. Lakini asbesto iliendelea kutumika, na Uingereza haikuipiga marufuku kabisa hadi 1999.

Historia hii inaonesha kuwa nyenzo hufaulu au hufeli kulingana na swali inaloulizwa. Katika gereji za Tarime na Mugumu, malori na pikipiki zenye breki za dramu bado huhitaji lainingi, na fundi anayefungua dramu ndiye hukutana kwanza na vumbi lake. Kwa hiyo, jaribio la haki la lainingi halina budi kumhesabu dereva anayeteremka kuelekea Mto Mara pamoja na fundi anayevuta vumbi hilo.