Shajara ya Nyangwe iliyosomwa baada ya miaka 140

Msafiri Mskoti David Livingstone alipofika Nyangwe, mji wa Maniema kando ya mto Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871, madaftari yake yalikuwa yamekwisha na wino hakuwa nao. Nyuma yake kulikuwa na miezi mirefu ya kukwama Kabambare, miguu ikiwa na vidonda vilivyomzuia kutembea, huku mizigo aliyoagiza kutoka Zanzibar ikichelewa na kupotea njiani. Alichokuwa nacho ni gazeti kuukuu la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869. Akaligeuza ubavu ili mistari yake ikatize safu za chapa, akaandika juu ya habari za Ulaya kwa rangi nyekundu ya mbegu za mzingefuri, rangi ya kutilia nguo.

Karatasi hizo zimehifadhiwa Scotland, nyingi zikiwa Blantyre, mji aliozaliwa. Kwa historia ya Maniema ya kusini ni vigumu kutaja nyaraka zenye uzito kuzipita. Wasafiri wengine wa Kizungu walimfuata: Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876, na wote wawili waliandika mengi, lakini hakuna kati yao aliyekaa hapo karibu miezi minne akitazama mto na watu wake.

Hakupanga kukaa muda wote huo. Livingstone alitaka mtumbwi wa kumshusha Lualaba, akiamini kwamba mto huo ungemfikisha kwenye Nile. Wagenya, wenye mitumbwi na wajuzi wa maji hayo, hawakumpa. Kwa nini wamwamini mgeni aliyekuja kwa njia ileile ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa? Basi akawa anakwenda sokoni. Siku ya soko watu wapatao 1,500 walikusanyika, wengi wao wanawake, baadhi wakivuka kutoka ukingo wa kushoto. Palikuwa na samaki, chumvi, mihogo, mafuta ya mawese, kuku na vyungu. Hata vijiji vilivyogombana vilionana hapo kwa amani, na mwanamke aliweza kutembea saa nyingi na mzigo wake bila kuguswa.

Tarehe 15 Julai 1871 amani hiyo ilivunjwa. Watu watatu wa Dugumbi bin Habib, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa amewasili wiki chache kabla, waliingia sokoni na bunduki. Mmoja alianza kubishania bei ya kuku. Mara risasi zikalia. Umati ulikimbilia kwenye kijito mitumbwi ilikofungwa, na wengine waliokuwa karibu na kijito nao wakawafyatulia. Mitumbwi ilisongamana, ikajaa kupita kiasi, ikazama. Wengi walijitupa Lualaba wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, na Livingstone akaona vichwa vyao vikitoweka majini kimoja baada ya kingine. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto, watu wa Dugumbi walikuwa wakichoma vijiji vya machifu waliofanya urafiki na Manilla, mtumwa wa mmoja wa wafanyabiashara. Livingstone alihesabu vijiji 12 vikiungua asubuhi moja.

Siku tano baadaye aliondoka Nyangwe. Alirudi Ujiji, Stanley akamkuta huko, na mwaka 1872 Stanley akasafiri na daftari lililofungwa kwa lakiri pamoja na barua za kupelekwa Uingereza. Habari za mauaji zilipochapishwa London ziliongeza shinikizo ambalo tayari lilikuwepo juu ya Zanzibar, na Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la kisiwani. Yaliyowapata wachuuzi wa Nyangwe yakawa hoja katika siasa za watu ambao hawangeweza kuuonyesha mji huo kwenye ramani.

Hapa ndipo mambo ya nyaraka yanapokuwa na uzito wake. Simulizi ambalo ulimwengu ulilisoma kwa zaidi ya karne halikutoka kwenye gazeti lile lililoandikwa kwa mzingefuri. Livingstone alinakili shajara yake katika daftari kubwa, na katika kunakili akabadilisha. Baada ya kifo chake mwaka 1873, rafiki yake Horace Waller alihariri daftari hilo na kulitoa kuwa kitabu mwaka 1874. Msomaji wa kitabu alikuwa mbali na soko la Nyangwe kwa hatua mbili. Shajara yenyewe ilikuwepo, ila rangi ilikuwa imefifia, na chapa nyeusi ya gazeti ikaifunika.

Mwaka 2010 kundi la wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki, msomi wa chuo kikuu, walizipiga picha kurasa hizo mara nyingi chini ya mwanga wa rangi mbalimbali, kuanzia urujuanimno hadi infraredi, ambazo zote mbili hazionekani kwa jicho. Rangi ya mbegu na wino wa chapa haviupokei mwanga kwa namna moja, kwa hiyo kompyuta iliweza kuififisha chapa na kuliinua andiko la Livingstone. Barua aliyomwandikia Waller akiwa Kabambare, Februari 1871, ndiyo iliyosomwa kwanza. Shajara ilitolewa kwa umma Novemba 2011.

Kilichojitokeza kinamhusu sana Livingstone mwenyewe. Februari ile watu kumi waliotumwa na balozi John Kirk kutoka Zanzibar, watumwa wa Wabaniani, walimfikia Kabambare. Shajara inawaonyesha kuwa wakorofi kwa wenyeji kuliko daftari lile alilonakilia linavyokiri. Wisnicki alitoa hoja kwamba huenda baadhi yao walishiriki mauaji ya sokoni, na kwamba Livingstone alipunguza makali kwa kuhofia lawama. Ni hoja nzito, na inastahili kupimwa na wanahistoria wa Maniema wenyewe.

Upande wa pili wa mizani upo, tena kwa Kiswahili. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefanya Kasongo makao yake, alisimulia maisha yake kwa lugha hii, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1974 Padri François Bontinck, mwanahistoria aliyefundisha chuo kikuu Kinshasa, alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi. Nyangwe ya Tippu Tip ni mji wa biashara na ubia. Ya Livingstone ni mji wa soko lililovamiwa. Mji wenyewe ulitekwa na majeshi ya Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, na mshirika wake Ngongo Leteta tarehe 4 Machi 1893.

Picha za shajara na maandishi yake yaliyonakiliwa ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bila malipo. Yako kwa Kiingereza, na bado kuna kazi ya kuyaleta kwa Kiswahili na Kifaransa, kisha kuyasoma vijijini kwenye kingo zote mbili za Lualaba, ambako wajukuu wa Wagenya bado wanavusha watu na kuvua samaki.