Benedicto Kiwanuka: Je, Alikuwa Mwanasiasa Mbaya?

Anayeshuka Kikuubo kununua bidhaa za jumla hukutana na barabara mbili zenye majina ya watu waliouawa wakati wa utawala wa Idi Amin. Moja ni ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Nyingine, inayopita karibu na stendi ya zamani ya teksi, ni ya Ben Kiwanuka. Wachuuzi wa pale, na wateja wao kutoka Kongo na Sudani Kusini, hulitaja jina hilo kutwa nzima kama anwani tu. Insha hii inamjadili mwenye jina, na hasa hoja inayosikika kila anapotajwa: kwamba alikuwa mwanasheria hodari lakini mwanasiasa mbaya.

Kiwanuka alizaliwa Buddu mwaka 1922. Alitumikia jeshi la Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, akasoma Basutoland, kisha sheria London. Mwaka 1958 alichukua uongozi wa chama cha DP, kilichoanzishwa mwaka 1954 na Wakatoliki waliochoka kunyimwa vyeo vikubwa Mengo. Yeye alitaka kiwe chama cha Uganda nzima.

Uchaguzi wa Machi 1961 ndio unaowapa wakosoaji wake nguvu. Serikali ya Kabaka iliwaamuru watu wake wasusie, na Waganda wachache sana wakajiandikisha. DP ikazoa karibu viti vyote vya Buganda na kupata wingi bungeni, ingawa UPC ya Milton Obote ilipata kura nyingi zaidi nchini. Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962 Waziri Mkuu wa kwanza. Ushindi ulikuwa halali, lakini nyumbani kwake hakuwa na watu nyuma yake. Mengo haikumsamehe: vipi mukopi, mtu asiye wa ukoo wa kifalme, akae juu ya Kabaka?

Kisha likaja suala la wabunge 21 wa Buganda. Mengo ilitaka wachaguliwe na Lukiiko, si na wananchi moja kwa moja. Kiwanuka alipinga. Ni kweli kwamba mfumo huo ungemwangusha, kwa hiyo msimamo wake haukukosa maslahi. Lakini swali alilouliza, kama mkulima wa Buddu ana haki ya kumchagua mbunge wake mwenyewe, lilistahili jibu. Obote alikubaliana na Mengo. Kabaka Yekka ikatwaa viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko, na Aprili 1962 Kiwanuka akaondoka madarakani bila hata kiti cha ubunge. Muungano wa Obote na Mengo haukudumu. Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Amin, lilishambulia kasri la Kabaka.

Mwaka 1969 Kiwanuka aliwekwa kizuizini. Amin alipopindua serikali Januari 1971 alimwachia, na mwezi Juni akamteua Jaji Mkuu, raia wa kwanza wa Uganda kushika cheo hicho. Kukubali kwake kunashangaza leo, lakini mwaka ule wengi Kampala walikuwa bado wanashangilia.

Septemba 1972 ililetwa mbele yake kesi ya Mwingereza aliyeshikiliwa na wanajeshi. Kiwanuka aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata, akaamuru aachiwe. Tarehe 21 mwezi huo, siku chache baada ya wapiganaji wa Obote kuvamia kutoka Tanzania, watu wenye silaha walimchukua kutoka Mahakama Kuu. Familia yake haikupewa mwili wa kuzika.

Kwa maoni yangu, Kiwanuka wa 1961 na wa 1972 ni mtu yuleyule: alishika kanuni ilivyoandikwa, ikimfaa au ikimdhuru. Wanaosema angepaswa kupinda kidogo wamtazame Basil Bataringaya, aliyeongoza upinzani wa DP bungeni, akahamia UPC mwaka 1964 na kupewa uwaziri. Naye aliuawa na wanajeshi wa Amin, mwaka huohuo wa 1972.