Bert Shankland, Bingwa wa Safari Rally kutoka Dar es Salaam

Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam na kufanya kazi ya magari, alishinda mbio za East African Safari Rally mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967. Msoma ramani wake alikuwa Chris Rothwell. Gari lao, Peugeot 404 ambalo watu wa Afrika Mashariki wamezoea kuliita Pijo, liliingizwa mashindanoni na Tanganyika Motors, mawakala wa Peugeot.

Mbio hizo zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina la East African Safari Rally zilipewa mwaka 1960. Baadaye zilifanyika Pasaka, yaani katikati ya masika, na barabara hazikufungwa: dereva alipishana na mabasi, malori na makundi ya ng'ombe. Aliyefika na alama chache za adhabu ndiye mshindi. Mashindano ya aina hiyo yalimpendelea mtu anayezijua njia. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro hadi Iringa wakati huo haikuwa na lami safari nzima. Kutoka Morogoro kwenda Iringa gari lilikanyaga udongo, na mvua ikinyesha udongo huo unageuka tope la kunasa magurudumu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hali hiyo ilikuwa ya kila mwaka. Kwa dereva aliyeletwa na kiwanda kutoka Ulaya ilikuwa balaa.

Mwaka 1966 ndio unaoonyesha ukubwa wa kazi ya Shankland na Rothwell. Magari 88 yaliondoka, 9 tu yakafika mwisho. Katika matope kama yale, kasi pekee haikutosha. Ilibidi dereva ajue wapi pa kulionea gari huruma, na hapo ufundi wa mtu wa gereji una thamani kubwa kuliko sifa za viwanja vya Ulaya. Peugeot 404 nayo ilikuwa gari la familia, gumu, lenye chasisi inayovumilia mashimo; toleo la mashindano lilinyunyiza petroli kwenye injini bila kabureta. Mwaka uliofuata hali ya njia ilikuwa nafuu, magari 49 kati ya 91 yakamaliza, na Shankland na Rothwell wakashinda tena. Ushindi huo wa pili uliziba midomo ya yeyote aliyedhani wa kwanza ulikuwa bahati ya mvua.

Mwaka 1971 Shankland alishika nafasi ya tatu kwa Peugeot 504, nyuma ya Datsun mbili za Edgar Herrmann na Shekhar Mehta. Wageni walisubiri hadi 1972, ndipo Hannu Mikkola wa Finland alipokuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, kwa Ford Escort. Miaka miwili baadaye mbio zikabaki na jina la Safari Rally tu.

Watanzania wengi huanza kuhesabu sifa za nchi yao michezoni na Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974. Miaka 8 kabla yake, kombe la Safari lilikuwa limekwisha kuja Dar es Salaam.