Aliyekosekana Mezani

Aprili na Juni 1996, Mwalimu Nyerere aliwakutanisha hapa Mwanza wanasiasa wa Burundi, wa vyama vya Uprona na Frodebu. Kwao vita vilikuwa vimewaka tangu wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Lakini makamanda wa jeshi na wapiganaji wa msituni, wenye bunduki hasa, hawakuwa mezani. Tarehe 25 Julai jeshi likampindua Rais Ntibantunganya, rais wa zamani Buyoya akarudi madarakani.

Nikikumbuka hayo, nayaonea wivu mapatano ya jadi. Kwa Warundi, abashingantahe walisikiliza mashauri hadharani, majirani wakishuhudia. Waacholi wa Uganda wana mato oput: ukoo wa muuaji hukiri, hulipa fidia, ndipo pande mbili hunywa pamoja dawa ya mzizi mchungu. Kukiri kunatangulia, kunywa kunafuata. Mikataba ya kumbi za mikutano huanzia kwenye kunywa: vyeo hugawanywa kabla yeyote hajasema, "Niliua."

Mkataba wa Rwanda, uliosainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993, ulipima hata jeshi: waasi wa RPF wapate asilimia 40 ya askari na nusu ya maofisa. Wenye msimamo mkali Kigali waliona wamenyang'anywa nchi. Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Habyarimana alitunguliwa angani akitoka kikaoni Dar es Salaam, mauaji ya kimbari yakaanza, na mto Kagera ukaleta maiti katika ziwa letu hili. Wavuvi wa Kasensero, upande wa Uganda, walizitoa majini wakazizika. Watu wakaogopa kula samaki.

Hata hivyo, jadi nayo ina mpaka. Mato oput ni ya koo zinazojuana, zitakazoendelea kuchota kisima kimoja. Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa huko Uganda, alisubiriwa mwaka 2008 aje kusaini mapatano ya amani ya Juba, hakutokea. Mzizi haumponyi asiyekuja kunywa.

Ndiyo maana naiheshimu subira iliyotumika Burundi baadaye. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, alioukamilisha Mandela baada ya Mwalimu kufariki, ulisainiwa bila makundi ya waasi ya CNDD-FDD na FNL, na vita vikaendelea. Wasuluhishi hawakukunja jamvi. Waliwafuata waliobaki nje: CNDD-FDD ikaingia mwaka 2003, FNL ikasaini Dar es Salaam mwaka 2006, mapigano yakazuka tena 2008, wakarudiwa tena. FNL iliweka silaha chini mwaka 2009, miaka 13 baada ya vikao vya Mwanza.